Helios ya Zenit iliyogeuzwa, kifuniko cha kopo na buibui wa ukutani: uzi wa makro ya kujitengenezea

LenziKuukuu, Kisumu

Wadau, habari za Jumapili. Uzi huu wa makro, yaani picha za vitu vidogo vilivyokuzwa, niliuahidi tangu nilipoweka ile picha ya buibui mwenye uso mwekundu, wengi wakaniuliza lenzi nimeikodi wapi. Sikukodi. Ni Helios 44-2 iliyotoka kwenye kamera ya Zenit ya baba mdogo, nikaigeuza kinyumenyume mbele ya Canon yangu ya harusi. Pete inayoishika nimeitengeneza mwenyewe kwa kifuniko cha plastiki na fremu ya filta.

Nitaeleza hatua zote pamoja na nilikoharibu. Ila kuna jambo moja naliweka mbele kwa sababu lilinipotezea miezi: pesa yako ya kwanza iende kwenye mwanga. Nilihangaika nikitafuta kioo kizuri zaidi, kumbe kioo nilikuwa nacho. Kilichokosekana ni flashi iliyotolewa juu ya kamera na kitu cheupe cha kuilainisha.

Baba mdogo alikuwa na studio Nakuru enzi za filamu. Alipofunga chumba cha giza alinipa katoni: Zenit mbili, lenzi ya ile mashine ya kukuzia picha, na darubini ya macho mawili ambayo upande mmoja umepasuka. Katoni ikakaa juu ya kabati miaka. Siku moja nasafisha nyumba, nikaishika Helios kinyume nikaitazama kucha yangu. Nikaona mistari ya ngozi kama matuta ya shamba. Nikakaa chini.

Sasa kwa nini kugeuza? Lenzi ya kawaida imeundwa kwa hali moja: kitu kiko mbali, sensa (kile kibamba cha ndani ya kamera kinachopokea picha) iko karibu. Upande wa mbele umezoea umbali, wa nyuma umezoea ukaribu. Ukitaka mdudu wa milimita tano ajae kwenye picha, hali inapinduka, maana mdudu anakuwa karibu na kioo kuliko sensa ilivyo. Ukiigeuza lenzi, upande uliozoea ukaribu unamtazama mdudu na ule wa umbali unaitazama sensa. Kila upande unabaki na kazi yake. Ndiyo sababu lenzi ya Kirusi ya zamani, isiyo na waya wala mota, inatoa ncha kali namna ile. Fokasi ya otomatiki huihitaji, unasogea mwenyewe mbele na nyuma.

Uzuri mwingine wa Helios 44-2 ni kwamba apacha yake, yaani tundu la kupitishia mwanga, inafungwa kwa mkono, kwa pete mbili: moja unachagulia namba, nyingine unafungia na kufungulia. Unafungua wazi utafute mdudu, ukimpata unafunga hadi f/8 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo) bila kutoa jicho kwenye kamera. Lenzi nyingine za M42, yaani za kufungwa kwa nyuzi za skrubu za upana wa milimita 42, zina kipini nyuma cha kufunga apacha. Ukinunua ya aina hiyo hakikisha ina swichi ya A na M, uiweke M, la sivyo itabaki wazi muda wote.

Pete niliitengeneza hivi. Nilichukua kile kifuniko kinachoziba mdomo wa bodi ya Canon isipokuwa na lenzi. Nikachora duara katikati, nikatoboa vitundu kwa drili kufuata mstari, nikakata kwa kisu na kulainisha kwa tupa na msasa. Kisha nikatafuta filta ya milimita 49, kwa kuwa mdomo wa Helios 44-2 unachukua nyuzi za 49. Kioo nikakitoa, ikabaki fremu. Upande wenye nyuzi za nje ndio unaoingia kwenye lenzi. Upande wa pili ndio unaogundishwa kwenye kifuniko. Iweke katikati kabisa kabla gundi haijashika.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilitumia supaglu, nikaifunga lenzi papo hapo. Asubuhi kioo kilikuwa na utando mweupe kama pumzi kwenye dirisha, ila haufutiki kwa kitambaa. Ni mvuke wa gundi. Nilifanya kazi ya siku mbili kukisafisha. Tumia Araldite ya mirija miwili, iache ikauke usiku kucha, na lenzi iwe chumba kingine. Ukimaliza paka ndani rangi nyeusi isiyong'aa, kisha safisha chembe zote za plastiki kabla pete haijakaribia sensa. Chembe moja ikiingia mle utaiona kwenye picha za bibi harusi.

MwalimuKakamega

Asante sana mkuu. Swali: mimi nina zile tyubu tatu za M42, niliuziwa na mtu aliyekuwa anahama. Je, nitumie tyubu au nigeuze? Na nitajuaje nimefikia 1:1, yaani mdudu awe na ukubwa uleule kwenye sensa kama alivyo? Nataka kuwapigia wanafunzi picha za vipepeo na sisimizi wa msituni.

LenziKuukuu, Kisumu

Mwalimu, shikamoo. Tumia vyote viwili, haviingiliani.

Tyubu haina kioo ndani, kazi yake ni kuisogeza lenzi mbali na sensa. Hesabu yake ni nyepesi: gawa urefu wa tyubu kwa fokasi ya lenzi, ile namba ya milimita iliyoandikwa juu yake. Tyubu za jumla ya milimita 50 kwenye lenzi ya 50 zinakupa 1:1. Tyubu hizohizo kwenye lenzi ya 135 zinakupa kama theluthi tu, ila unabaki mbali na mdudu, na kwa kipepeo hilo ni jambo kubwa kwa sababu huruka ukimkaribia. Kwa hiyo vipepeo wako wapige kwa tyubu na lenzi ndefu iliyokaa sawa, na sisimizi wapige kwa lenzi iliyogeuzwa.

Kwenye kugeuza, kadiri lenzi inavyoona eneo pana, yaani fokasi yake ikiwa fupi, ndivyo inavyokuza zaidi. Ya 50 inakaribia 1:1. Ya 28 inafika kama mara mbili. Ile 18-55 iliyokuja na kamera, ukiigeuza na kuiweka 18, inakuza kupita subira ya watu wengi.

Kupima usibahatishe. Piga picha ya rula, kwenye alama za milimita. Sensa ya Canon za daraja letu ina upana wa milimita 22.3. Ukiona milimita 22 za rula kutoka ukingo hadi ukingo, umefika 1:1. Helios yangu ikigeuzwa peke yake huonyesha milimita 28, yaani kama 0.8. Nikiongeza tyubu ya 30 nyuma yake inaonyesha 17 hivi, yaani 1.3, na hiyo ndiyo niliyompigia yule buibui.

Bodi ya Canon inazichukua lenzi za M42 kwa adapta nyembamba na bado zinaona mbali. Nikon umbali wake kutoka mdomo hadi sensa ni mrefu zaidi, milimita 46.5 dhidi ya 45.46 za M42, kwa hiyo kwa adapta isiyo na kioo vitu vya mbali kama milima haviingii kwenye fokasi. Kwa makro haidhuru, hatuitaki milima.

Menengai_Juu, Nakuru

Nimefurahi kuona studio za Nakuru zinatajwa. Wazee wengi waliofunga vyumba vya giza bado wana mashine za kukuzia, na watu hawajui kwamba lenzi ya mashine ile ni dhahabu ya makro. Imeundwa kutazama kitu bapa kilicho karibu, kwa hiyo pembe za picha zinabaki kali. Nyingi zina nyuzi za M39, unaongeza pete ya kutoka M39 kwenda M42 na tyubu zako. Haina pete ya fokasi, kwa hiyo urefu wa tyubu ndio fokasi yako.

Ila naomba usaidizi: yangu ina ukungu. Nikiielekeza kwenye taa naona nyuzi kama mizizi.

LenziKuukuu, Kisumu

Ndugu, ukungu ukiwa mchanga husafishika. Ukikaa muda mrefu hutoa asidi inayokula kioo, na hapo hata ukiuondoa alama hubaki. Fungua kwa bisibisi inayokaa sawasawa, kwa sababu lenzi za Kijapani zina skrubu zinazofanana na za nyota za kawaida ila si zilezile, na bisibisi ya kawaida huzila. Piga picha kila hatua ili ujue kioo kilikuwa kimetazama wapi. Watu wengi hufuta kwa haidrojeni peroksaidi kidogo na kumalizia na spiriti safi. Usizamishe kioo, kwa sababu vingine ni viwili vilivyogundishwa.

Huku Kisumu unyevu wa ziwa unatutesa zaidi kuliko nyinyi wa juu. Mimi mkoba wa ngozi nimeutupa, ngozi hulisha ukungu. Lenzi zangu zinakaa kwenye bakuli la plastiki linalofunga kabisa, pamoja na vile vifuko vya silika vinavyokuja kwenye viatu vipya. Vikichoka navikausha kwa moto mdogo sana kisha navirudisha.

Sasa nirudi kwenye mwanga, maana hapa ndipo picha inapopatikana au kupotea.

Ukifika 1:1, mwanga unaofika kwenye sensa unakuwa robo. Ukifika mara mbili, unabaki sehemu moja ya tisa. Halafu ukali wa picha ni mwembamba: 1:1 kwa f/8 unapata kama nusu milimita hadi robo tatu tu iliyo kwenye fokasi. Jicho la nzi likiwa kali, mabawa yameshapotea. Utasema nifunge apacha hadi f/22. Nilijaribu. Picha nzima inalainika, kwa sababu mwanga ukipita kwenye kitundu kidogo hutawanyika, na kwenye makro kitundu kinatenda kana kwamba ni kidogo zaidi ya kilivyoandikwa. Ile f/8 yako kwa 1:1 inafanya kazi kama f/16. Kwa hiyo mimi nakaa kati ya f/5.6 na f/8 na kutafuta mwanga kwingine.

Jua la saa sita huku halisaidii. Linachoma vivuli vyeusi na kutia vimulimuli vyeupe kwenye mgongo wa mdudu. Jibu ni flashi. Flashi nyingi zikipunguzwa hadi 1/32 ya nguvu yake huwaka kwa muda wa kama sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde, na katika muda huo mkono wako unaotetemeka, jani linalopeperuka na mdudu anayetembea wote wamesimama. Stendi ya miguu mitatu niliiacha nyumbani siku hiyohiyo.

Ila flashi tupu ni kama jua la saa sita. Nilichukua kifuniko cheupe cha kopo la mafuta ya kupikia, nikakata katikati yake tundu la kupitisha mdomo wa lenzi, nikaivisha lenzi kama kola, na flashi ikawa inapiga juu yake kupitia karatasi nyeupe ya kuokea. Fikiria: kifuniko cha sentimita 12 mbele ya mdudu wa nusu sentimita. Kwake yeye hilo ni anga lote jeupe. Rangi zilitoka ambazo sikujua zipo. Nzi wa kijani wa jalalani nilimwona na dhahabu na zambarau kifuani.

FundiWaRedio, Kondele

Mkuu nakatiza kidogo kwa usalama wa watu. Anayechukua flashi ya zamani kwenye katoni kama hiyo asiibandike juu ya kamera ya kidijitali kabla ya kupima. Flashi za enzi za filamu nyingine zina zaidi ya volti 200 kwenye ile miguso ya chini, na kamera nyingi za sasa hazikujengwa kwa hilo. Chomeka betri, washa hadi taa ya tayari, pima kwa mita kati ya pini ya katikati na ukingo. Ukiona zaidi ya volti chache, tumia kifyatulio cha redio kinachostahimili, au iache. Na msiifungue. Kapasita ya ndani hubeba kama volti 300 hata ikiwa imezimwa, nimeona mtu akirushwa kwenye kiti.

LenziKuukuu, Kisumu

Fundi, Mungu akubariki. Hilo nilikuwa sijaliandika na lingeua kamera ya mtu.

ShambaBungoma

Jamani mimi sina kamera, nina simu. Mahindi yangu yanaliwa na kiwavi na ninaambiwa nitume picha nijue kama ni yule vamizi. Nikisogeza simu karibu inatoa ukungu tu. Hizi lenzi zenu zinafanya kazi kwenye simu?

LenziKuukuu, Kisumu

Mama, pole kwa mahindi. Lenzi kubwa kama Helios usiihangaikie. Kamera ya simu yenyewe ina fokasi ya milimita chache, kwa hiyo mbele yake inahitaji kioo chenye fokasi fupi pia. Kinachokufaa ni kile kioo cha jicho cha fundi wa saa. Kilichoandikwa 10x kina fokasi ya kama sentimita mbili na nusu. Mwombe fundi yeyote wa saa mjini akuonyeshe. Kibandike kwenye simu kwa mpira wa pesa au ukishike kwa vidole, kikiwa kimegusana na kamera. Halafu usiguse skrini kutafuta fokasi, sogeza simu polepole hadi kiwavi akae sawa. Chuma jani alilokaa, ulishike kwa mkono uleule ulioegemea simu, mkiyumba myumbe pamoja. Simama kivulini palipo wazi, jua lisimpige moja kwa moja.

Kiwavijeshi vamizi ana alama mbili za kutafuta. Kichwani ana mstari mweupe wenye umbo la Y iliyopinduliwa, miguu ya Y ikitazama chini. Na kwenye pingili ya pili kutoka mwisho wa mwili ana madoa manne meusi yaliyopangwa kama mraba. Alithibitishwa Kenya mwaka 2017 na akaanza kusumbua mahindi ya upande wenu huohuo wa magharibi. Piga kichwa, kisha piga mkia, picha mbili tofauti. Afisa wa kilimo utakayemtumia ataona mara moja.

MwalimuKakamega

LenziKuukuu, na yule buibui? Ulimpata wapi?

LenziKuukuu, Kisumu

Ukutani kwangu, Mwalimu. Na hili ndilo linalonifanya niandike usiku huu wote.

Yule ni buibui mrukaji, jina lake la kitaalamu Evarcha culicivora. Anaishi maeneo ya Ziwa Victoria, Kenya na Uganda, kwenye vigogo vya miti na kwenye kuta za nyumba zetu. Chakula anachokipenda ni mbu aliyeshiba damu. Hawezi kuitoboa ngozi yetu, kwa hiyo damu anaipata kupitia mbu. Mtafiti Robert Jackson na wenzake waliofanya kazi kituo cha Mbita cha icipe, ile taasisi ya utafiti wa wadudu, kule Homa Bay, walichapisha utafiti huo mwaka 2005. Baadaye ikaonekana pia kwamba huvutwa na harufu ya soksi zilizovaliwa, na anaupenda mmea wa lantana, ule wa ua la rangi mbili tulioufanya ua wa boma.

Mimi nimezaliwa hapa. Malaria nimeiugua tangu utotoni. Huyu mnyama wa milimita tano alikuwa nyumbani kwetu muda wote, akiwinda, na nilikuwa nikimfagia pamoja na utando wa buibui wengine. Nilipomwona kwenye skrini, macho mawili makubwa mbele, meusi, yanang'aa kama matone ya mafuta, yakinifuata nikisogea kulia na yakinifuata nikisogea kushoto, nilimwita mke wangu. Hatujamfagia tena.

Namna ya kumpiga: asubuhi mapema kabla ukuta haujapata joto, wadudu na buibui wakiwa baridi huwa wazito. Egemeza kiganja cha kushoto ukutani, lenzi ikae juu yake, kisha pumua nje na usogee mbele kidogo kidogo huku ukipiga. Kati ya picha thelathini, mbili zitakuwa na macho makali. Mimi nilipiga karibu mia mbili siku hiyo. Usimweke kwenye friji kama wengine wanavyofanya ili atulie. Mwache kwake, atakuja mwenyewe kuitazama lenzi, pengine kwa sababu anaona taswira yake kwenye kioo.

Ukimpata amemshika mbu, tazama kichwa cha mbu. Anofelesi jike, yule mbu anayeeneza malaria, ana vipapasio viwili virefu sawa na mrija wake wa kunyonyea, unaona kama mirija mitatu. Kuleksi jike, mbu wa jamii nyingine, vipapasio vyake ni vifupi. Na anofelesi akipumzika huinua mkia juu, mwili umelala mshazari. Hayo yote kwa lenzi ya Zenit unayaona.

Menengai_Juu, Nakuru

Ile darubini iliyopasuka usiitupe. Kioo kikubwa cha mbele kwa kawaida ni viwili vilivyogundishwa, na fokasi yake huwa kama sentimita 20. Kiweke mbele ya lenzi yako ya 70-300 kwa pete ya karatasi ngumu. Unapata makro unayoiwashia fokasi ya otomatiki, na mdudu yuko mbali kiasi cha shubiri. Kwa kereng'ende wa ziwani itakufaa.

LenziKuukuu, Kisumu

Nimeifungua sasa hivi. Kweli ni viwili, naona mstari wa gundi ukingoni. Jumamosi naenda nayo ufukwe wa Dunga.

ShambaBungoma

Fundi wa saa amenipa kioo kimoja kwa mia mbili. Nimepiga kichwa. Y iko, imepinduliwa kama ulivyosema.

LenziKuukuu, Kisumu

Mama, na pingili ya pili kutoka mwisho?

ShambaBungoma

Madoa manne. Mraba. Nimeshamtumia afisa.